Posa ya Mpwa Wangu na Muziki wa Metali

Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti, iliyo nyepesi kuliko zote machoni pa watu ni kuandika barua, na iliyo nzito kuliko zote ni kutoa maelezo juu ya tabia ya mtu anayeposa. Muhtasari wa kikao ukikosewa hurekebishwa katika kikao kijacho. Michango ya saruji ikipungua, Waislamu hukumbushwa baada ya swala ya Ijumaa. Lakini ukisema neno juu ya kijana wa watu na neno hilo likawa si la kweli, umebomoa nyumba kabla haijajengwa, ama umemwingiza binti wa watu katika nyumba isiyomfaa.

Fatima binti Qays (r.a.) alipomwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, kwa kuwa alikuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume (s.a.w.) alimtajia waziwazi upungufu wa kila mmoja wao, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na kutokana nayo Imam Nawawi ameihesabu nasaha ya ndoa miongoni mwa mambo 6 ambayo ndani yake kumtaja mtu kwa asilolipenda hakuwi usengenyaji ulioharamishwa. Basi anayeulizwa hana ruhusa ya kuficha alijualo. Wala hana ruhusa ya kusema asilolijua, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, mzee mmoja wa hapa Igawa aliniuliza kuhusu kijana aliyemposa binti yake. Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Waliosoma fiqhi watajua kwamba ushahidi wa mjomba haukataliwi kama unavyokataliwa ule wa baba kwa mwanawe, lakini sheria kutokukataa hakumwondolei mtu uzito moyoni. Mzee alikuwa ameonyeshwa picha kwenye simu. Ndani ya picha mpwa wangu amevaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa, amefumbua kinywa kama anayepiga ukelele, na nyuma yake kuna giza na taa nyekundu. Picha ile ilipofika kwenye vibanda vya chai wanakosimama madereva wa malori, ilikwisha pata maelezo yake: kijana amejiunga na waabudu shetani huko Nairobi.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Katibu, mimi sitaki picha wala maneno ya barazani. Nataka neno lako, nalo uliandike."

Dada yangu kwa upande wake hakutaka maandishi. Alitaka mwanawe aletwe nyumbani. Ni mtoto wake pekee wa kiume. Baba yake, dereva wa malori ya kwenda Tunduma, alifariki kwa ajali katika mteremko wa Kitonga kijana akiwa na umri wa miaka 14, na tangu hapo dada amekuwa akihesabu kila anachokipenda kuwa kitu ambacho barabara inaweza kukichukua.

Kabla ya kusafiri nilisoma. Surat Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa kutokujua, na sikuona namna ya kuhakikisha habari za muziki huu bila kujua kwanza ni kitu gani. Nimeona ni vema niwaeleze wazazi wenzangu kwa ufupi, kwa kuwa jina lake, metali nzito, hufika majumbani kabla ya maana yake.

Wengi huanzia historia yake katika mji wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Huko kijana aitwaye Tony Iommi, akiwa na miaka 17, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa kazini kiwandani. Alikuwa mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vilivyokandamiza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Sauti ya gitaa ikashuka, ikawa nzito. Mwaka 1970 bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu yake ya kwanza. Waliipa bendi jina la kutisha na jalada la kutisha, na wengi waliowafuata wakashindana kutisha zaidi. Mafuvu, mapango, mashetani na makaburi yamekuwa katika muziki huu kama sare. Baadhi yao wanaamini upuuzi huo kwa dhati, na hilo sitalificha. Walio wengi wanauvaa kama mtoto anavyovaa kinyago cha kuwatishia wenzake.

Tatizo ni kwamba serikali na mahakama nazo zimewahi kutishika. Mwezi Januari 1997, huko Misri, makumi ya vijana wapenzi wa muziki huu walikamatwa wakituhumiwa kumwabudu shetani. Magazeti yakajaa habari zao, kisha wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mwaka 2003 huko Casablanca, Morocco, vijana 14, wapigaji na mashabiki, walihukumiwa vifungo vya kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja, na miongoni mwa vielelezo vilivyoletwa mahakamani zilikuwamo fulana nyeusi. Watu waliandamana, rufaa ikakatwa, na wengi wao wakafutiwa hatia. Nilipokuwa nasoma habari hizo nilifikiria familia zao: wale akina mama wa Cairo ambao majirani waliacha kuwaamkia, na ambao sidhani kama gazeti lolote liliwarudia kuwaomba radhi.

Nikapanda basi la Mbeya hadi Dar es Salaam, nikalala kwa jamaa, asubuhi nikaendelea kwa Arusha na Namanga hadi Nairobi.

Mpwa wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilikuta chumba chake kimepangwa: msahafu juu ya rafu, msala umekunjwa juu ya kiti, na gitaa limeegemezwa ukutani katikati ya vitu hivyo viwili kama mgeni aliyekaribishwa kabla yangu. Hakulificha. Nilipomweleza kilichonileta alikaa kimya muda, kisha akasema, "Mjomba, kesho Jumamosi kuna onyesho. Twende ukaone mwenyewe." Nikamwambia wakati wa Magharibi nitatoka. Akajibu, "Hata mimi hutoka." Nilitaka kuona kama asemayo ni kweli.

Usiku ule alinieleza habari za Nairobi. Mji ule una vijana wa roki na metali kwa miaka mingi sasa. Alinitajia Last Year's Tragedy, na Parking Lot Grass ambao wameimba pia kwa Kiswahili. Akanisikilizisha kidogo ya wawili waitwao Duma, Martin Khanja na Sam Karugu. Nilidhani wamejiita kwa jina la yule mnyama mwenye mbio, naye akacheka, akasema kwao Wakikuyu neno hilo ni giza. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Kampala ambayo jina lake siwezi kuliandika katika ukurasa wa familia, ingawa Waganda wanasema kwa lugha yao halina ubaya. Nilichosikia kilifanana na mashine ya kukoboa mpunga iliyotiwa mawe. Lakini alinieleza pia kwamba Khanja huyo, katika albamu aliyoitoa peke yake mwaka 2024, amemuenzi mama wa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau hadi akafikia cheo cha juu kabisa, na ambaye alifariki mwaka 2023. Hilo nilikaa nalo.

Onyesho lilikuwa upande wa Westlands, katika ukumbi wa ghorofani nyuma ya mkahawa. Tuliswali Alasiri, tukaingia. Nitasema nilichokiona kwa mpangilio wa kukiona kwangu.

Kwanza, pombe ilikuwa inauzwa pembeni, na waliokunywa walikunywa. Pili, wavulana na wasichana walikuwa pamoja, ingawa wengi walielekeza macho jukwaani kuliko pengine popote. Walikuwa kama 150, wengi wamevaa nyeusi. Mpwa wangu alinisimamisha nyuma, karibu na fundi mitambo, akisema hapo ndipo sauti inapokaa sawa, kisha akanipa vizibo vya masikio. Nikavipokea kwa dharau kidogo. Bendi ya kwanza ilipoanza nikavisukuma ndani kwa vidole vyote.

Sauti ilinigonga kifuani kabla sijaitambua masikioni. Mpiga ngoma alikanyaga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili, upesi kiasi kwamba nilijaribu kuhesabu nikashindwa, mimi ambaye nimefundishwa dufu tangu utotoni. Magitaa yalikuwa mazito kama lori lililopakia linapopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mwimbaji alikuwa kijana mfupi, mpole wa sura. Kabla ya kuanza aliwashukuru waliofika na akaomba wasiokuwa na maji waelekezwe yalipo, kwa Kiswahili cha Nairobi na kwa adabu ya mtoto wa madrasa. Kisha akanguruma. Sijui neno jingine. Baadaye mpwa wangu alinieleza kwamba ngurumo ile haitoki kwa kuichana koo. Pumzi hutolewa tumboni, na kinachotikisika ni nyama zilizo juu ya nyuzi zenyewe za sauti, ndiyo maana anayejua kazi yake anaweza kuimba hivyo usiku mzima na kesho akazungumza. Mwalimu wangu wa tajwidi, aliyetuhangaisha kwa miaka na herufi za kooni, angemsikiliza kijana yule kwa makini, kisha angemfukuza.

Kundi la mbele likafungua duara. Vijana wakaanza kukimbia ndani yake wakigongana mabega, na mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Niliamini kwamba ugomvi umeanza. Kijana mmoja akaanguka chini, na kabla sijamaliza kusema "Ya Latif" mikono mitatu ilikuwa imekwisha kumnyanyua. Wakamkagua uso, wakampigapiga begani, akarudi kukimbia. Mwingine aliokota miwani sakafuni akainyanyua juu kabisa ya vichwa, akasimama nayo hivyo katikati ya zogo lile, asisogee, hadi mwenyewe alipokuja kuichukua. Msichana mmoja alitaka kutoka. Wakampasulia njia bila hata mmoja kumgusa. Kumbe duara lile lina sheria zake, na hakuna aliyezitangaza. Nimeona mikusanyiko yetu, ya sherehe na ya kugawa futari, ambako mzee akianguka watu huanza kwanza kuuliza ni nani aliyemsukuma.

Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu mpwa wangu alitoka dua­rani ameloa jasho chapachapa, akanifanyia ishara. Alitia udhu. Mlinzi wa maegesho ya magari alitupa maboksi ya kutandika, na nilipogeuka kupanga safu nikakuta wameongezeka wawili: kijana Msomali wa Eastleigh na mwingine wa Mombasa. Huyu wa Mombasa alikuwa na fulana yenye picha ya fuvu. Bila kuambiwa na mtu alijisogeza nyuma ya gari, akaivua, akaigeuza ndani nje, akarudi akasimama. Tukaswali wanne, ngoma zikisikika kwa mbali kupitia ukutani.

Baada ya hapo hatukurudi ndani. Tulikaa kwenye kibanda cha chai na mandazi, nikamuuliza anapata nini pale. Alichukua muda kujibu.

"Mjomba, siku tuliyomzika baba niliambiwa nisilie, mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka sita. Siku ya kwanza kumsikia mtu akinguruma vile nilijua papo hapo anafanya nini."

Jibu hilo ndilo lililonishughulisha barabara nzima ya kurudi, kutoka Namanga hadi Makambako. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, anayemwambia mtoto wa miaka 14 kwamba machozi si ya mwanamume, amelitoa wapi? Kwa upande wa pili, Mtume (s.a.w.) amekataza kuomboleza kwa kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya. Sasa ngurumo hii ya miaka sita baada ya mazishi ni machozi yaliyochelewa, au ni maombolezo yaliyokatazwa? Katika vitabu nilivyosomeshwa chuoni sikulikuta suala hili, na sitajifanya mufti wa kulifungia.

La ala za muziki lipo vitabuni, na nilimwambia msimamo wangu bila kuzunguka. Katika madhehebu yetu, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba ala za nyuzi ni haramu na dufu linaruhusiwa. Najua kwamba Ibn Hazm aliona vingine, na kwamba Imam Ghazali ana mlango mrefu katika Ihya juu ya usikilizaji, wenye upana ambao wengi wanaomnukuu hawajausoma. Nilimtajia hayo pia, kwa kuwa si uaminifu kumficha kijana kwamba ikhtilafu ipo. Na kukaa palipo na pombe ni jambo ambalo halihitaji vitabu vingi.

Hapo alikuwa na hoja, naye alizitoa kwa heshima. Aliniambia kwamba katika muziki uitwao hadikoo, vijana wa Washington walikataa ulevi zamani: mwaka 1981 bendi ya Minor Threat iliimba dhidi ya pombe na dawa za kulevya, na ile alama ya X waliyochorwa watoto mikononi ili wasiuziwe pombe kumbini ikageuka kuwa nembo ya wasiokunywa, hata wakiwa watu wazima. Akanionyesha pia mabinti watatu wa Garut, Java Magharibi, waitwao Voice of Baceprot, waliokutana shuleni na kuanza kupiga metali mwaka 2014, hijabu zao kichwani. Mwezi Juni 2024 walipanda jukwaani Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza. Nilimjibu kwamba kitendo cha Muislamu si dalili ya kisheria. Lakini nilifurahi, na naona si vibaya kusema hivyo, kwamba kijana wetu amehangaika kutafuta pa kusimama bila kuutoa mguu wake katika dini. Anayetaka kutoka hahangaiki hivyo, huondoka tu.

Nikaandika ukurasa mmoja. Kwamba anaswali kwa wakati, nimeshuhudia. Kwamba sikumwona akinywa, sikunusa harufu, na majirani zake wawili niliowauliza hawakuwahi kumwona hivyo. Kwamba huhudhuria mikusanyiko ambamo pombe huuzwa na wanawake na wanaume huchanganyika. Kwamba ana gitaa na hulipiga. Kwamba katika yote niliyoyaona hapakuwa na ibada ya shetani. Kwamba ana kazi, na kila mwezi humtumia mama yake fedha. Kwamba ana fulana mbili zenye mafuvu. Kabla ya kuikabidhi nilimsomea kwa simu, maana sikupenda maneno juu yake yapite mgongoni mwake. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba rekebisho moja: fulana ni nne.

Mzee aliisoma mara mbili mbele yangu, akampelekea binti yake ndani. Binti, ambaye ni muuguzi, aliomba azungumze na kijana kwa simu akiwapo kaka yake. Hakuuliza lolote kuhusu mashetani. Aliuliza kuhusu masikio: kama yanalia akilala, na kama hutumia vizibo kila mara au siku za wageni tu. Akamweleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 wa sauti ya kumbini kutozidi wastani wa desibeli 100, na kwamba hatakubali kuolewa na mtu atakayehitaji kuitwa mara tatu akiwa na miaka 40. Sharti la mzee lilikuwa moja, kutokwenda tena palipo na pombe, na mpwa wangu alilikubali mbele yetu. Kuhusu gitaa hawajaafikiana. Wamekubaliana kuliendeleza suala hilo wenyewe. Ndoa imepangwa baada ya mavuno ya mwaka huu, inshaallah. Mjumbe mmoja wa kamati yetu hadi leo anaona kwamba ningeandika kwa ukali zaidi, na tunaheshimiana.

Dada yangu alibaki mgumu kuliko wote. Gitaa lisiingie nyumbani kwake, na neno metali lisitajwe mbele ya chakula. Lakini Idd iliyopita kijana alikuja likizo, na jioni moja, wakiwa uani wanapepeta mchele, alimwomba mama yake asikilize kidogo tu. Dada alikipokea kipaza sauti kimoja cha masikioni kwa ncha za vidole, kama anayeshika kitu cha moto, akakiweka sikioni. Mimi nilikuwa kizingitini. Nilitarajia akitupe.

Alisikiliza karibu dakika nzima, ungo umetulia mapajani. Kisha akakitoa, akamtazama mwanawe, akamuuliza, "Huyu amefiwa na nani?"